Mume Mwenye Mambo Mengi

Somo: Kutoka 18:1–27



Kila mume wa Kikristo katika nchi yetu ya Mpanda anayajua haya ninayotaka kuyasema. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, shamba la mahindi lamwita, na bonde la mpunga nalo lamwita. Shule yataka sare na madaftari. Mjomba ana shauri la ng'ombe, naye hawezi kwenda barazani peke yake. Kwaya yataka mlezi, kamati ya ujenzi yataka mwenyekiti. Tena simu iliyo mfukoni yalia kila saa, kama mwana-mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake.

Waliofika katika Hifadhi ya Katavi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, wameuona mto Katuma wakati wa kiangazi. Maji hupungua hata yakabaki madimbwi tu, na viboko wengi hujikusanya humo, wakisukumana na kugombana. Basi mume mwenye mambo mengi ni kama dimbwi lile. Kila kiboko adai nafasi yake, wala hapana amwulizaye dimbwi kama limejaa.

Sasa tumtazame Musa mtumishi wa Mungu, maana hapana mume aliyekuwa na mambo mengi kuliko yeye. Alikuwa kiongozi wa taifa, na mwamuzi, na mwombezi. Watu tukikisoma kitabu cha Kutoka, mlango wa 18, hukimbilia habari ya wakuu wa maelfu na wakuu wa mamia, tukaziruka aya za kwanza. Lakini aya za kwanza ndizo zenye neno kwa waume. Zasema ya kuwa Musa alikuwa amemrudisha mkewe Sipora kwa babaye. Yethro mkwewe akasafiri mpaka jangwani, akamletea mkewe na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri.

Musa akatoka kumlaki mkwewe, akamwinamia kwa heshima kama ipasavyo, wakaulizana hali. Alimwambia nini Sipora? Maandiko hayasemi. Twaambiwa tu ya kwamba siku iliyofuata Musa aliketi kuwaamua watu, nao watu wakasimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni. Mke amefika kutoka mbali, watoto wamefika, na baba yuko barazani mchana kutwa!

Angalieni, wapenzi, ni nani aliyeliona kosa. Wazee wa Israeli hawakuliona, maana wao walipata walichokitaka. Aliyeliona ni baba mkwe. Mtu aliyemlea Sipora ana macho ya kuona mambo ambayo mkutano wote hauyaoni. Akamwambia Musa waziwazi ya kuwa afanyalo si jema, kwa kuwa atachoka yeye, na watu nao watachoka. Akamshauri achague watu waaminifu, wamchao Mungu na wauchukiao mtaji wa rushwa, wawe wakuu wa maelfu, na wa mamia, na wa hamsini, na wa makumi. Sisi tuliozoea nyumba kumi kumi na balozi wake twalielewa shauri hilo upesi. Na Musa, mtu aliyesema na Mungu, akamsikiliza mkwewe. Je, sisi tusiosema na Mungu kama Musa tutadharau shauri la wakwe zetu?

Hapa ndipo lilipo neno langu. Mume aweza kudhani ya kuwa kubeba kila kitu peke yake ndiyo imani. Siyo. Mara nyingine ni kiburi kilichovaa kanzu ya utumishi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ya usharika Mungu ameiweka katika mikono mingi, lakini kuwa mume wa Sipora na baba wa Gershomu hakumpa mtu mwingine ila Musa. Kamati itapata mwenyekiti mwingine. Mtoto wako hatapata baba mwingine.

Daktari Martin Luther aliandika habari za ndoa mwaka 1522. Alisema kwamba baba akivifua vitambaa vya mtoto wake mchanga kwa imani, watu watamcheka kuwa mjinga, lakini Mungu pamoja na malaika zake wanamfurahia. Mtu ataweza kusema, Ni rahisi kuandika hayo, maana wakati ule Luther alikuwa hajaoa! Ni kweli. Lakini mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, wakapata watoto 6, naye hakuyafuta maneno yake. Na mwaka 1529 alipotoa Katekisimo Ndogo, aliandika kwamba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Basi kanisa la kwanza la mume liko penye moto wa mkewe.

Tena mume anayelalamika kwa wingi wa mizigo na amtazame mkewe atokapo kisimani: ndoo kichwani, mtoto mgongoni, mwingine ameshika upindo wa kanga, naye akiwaza mboga ya jioni. Mama huyo hajaitisha mkutano kueleza kwamba amechoka. Mume akimaliza kumtazama, na aipokee ndoo. Haitamvunja shingo, na majirani wakicheka, amekwisha kusikia ni nani wanaofurahi.

Fikirini pia habari ya mji wetu. Reli itokayo Kaliua hata Mpanda ililetwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Wakati wake hapakuwa na jambo kubwa kuliko mgodi huo, na wanaume walitoka mbali kuufuata. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Shughuli iliyoonekana kuwa haiwezi kungoja hata siku moja, leo wajukuu hawaijui ila kwa kusimuliwa. Ndivyo zilivyo shughuli nyingi zituitazo. Zapiga kelele, kisha zanyamaza. Lakini mtoto aliyefundishwa na babaye kusali, sala ile atakuwa nayo akiwa mzee mwenye mvi.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu. Kwanza, kila mume na amwulize mkewe: Katika kazi zangu, ni ipi ambayo mtu mwingine aweza kuifanya? Kisha anyamaze, asikilize jibu mpaka mwisho. Pili, iwepo saa moja ya jioni ambayo simu imelala, na watu wa nyumbani wameketi pamoja kwa chakula, Neno na sala. Tatu, ninyi wazee na wainjilisti, msimtwike mtu mmoja vyeo vinne kwa sababu tu hajui kukataa. Mkimwona baba mwenye watoto wachanga akikawia kila usiku katika vikao, mfanyieni kama Yethro: mrudisheni kwa Sipora wake.

Na dimbwi letu likikauka, tusisahau kwamba halikujijaza lenyewe. Mvua hutoka juu. Yeye aliyewaita wote wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo aliwaita na waume pia, pamoja na majembe yao, madeni yao na wajomba zao. Na tumwendee. Kisha twende nyumbani mapema.

Mungu wa amani azibariki nyumba zenu. Amina.