Bastola bila mafunzo?

Hapa Sundbyberg mtu hapewi leseni ya bunduki ya kuwindia kabla hajafaulu mtihani wa wawindaji. Sweden iliweka sharti hilo mwaka 1985. Nyumbani Tanzania, sheria ya silaha ya 2015 nayo inadai cheti cha umahiri. Marekani, zaidi ya nusu ya majimbo yanaruhusu kubeba bastola bila kibali wala mafunzo. Watetezi husema: haki haina mtihani, na maskini atatoa wapi ada?

Hoja ya ada ina uzito, ila dawa yake ni kupunguza ada, si kufuta somo. Risasi ikipotea njia humpata mpita njia ambaye hakuulizwa. Sisi wahandisi hatumkabidhi mtu mtambo asioujua, hata ukiwa mali yake.

Hata hivyo, mafunzo hufunza mkono, si moyo. Aliyeua watu 10 Örebro, Februari 2025, katika shule ambako wahamiaji wenzetu walijifunza Kiswidi, alikuwa na leseni halali. Basi mafunzo yawe lazima, lakini yawe mlango wa kwanza tu. Mtu mwenyewe achunguzwe, tena mara kwa mara. Wenzetu mnasemaje?