Nani Hubaki Nyumbani?

Shule zifungapo mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Desemba, wazazi wengi wa Kinondoni na Temeke hutafuta siku moja ya kutoka pamoja na watoto wao. Wengine huenda Coco Beach baada ya Misa ya Dominika. Wengine huvuka kwa pantoni kutoka Magogoni hadi Kigamboni, au hupita juu ya Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Mwanzoni mwa Julai watu wa Temeke hawana haja ya kwenda mbali, maana maonyesho ya Sabasaba yako mlangoni pao. Wenye nafasi zaidi hupanda mashua hadi kisiwa cha Mbudya, au hufunga safari ya Bagamoyo.

Wako watu wanaoyaona matembezi ya namna hii kuwa ni upotevu wa fedha. Hatukubaliani nao. Baba anayeondoka Mbagala au Tandale kabla ya jua kuchomoza, akarudi watoto wamekwisha kulala, huwa kama mgeni katika nyumba anayoilipia kodi mwenyewe. Siku moja ya kukaa nao mchangani bila haraka huwapa watoto kitu ambacho ada ya shule haikinunui. Bwana wetu aliwaita Mitume wake waende faraghani wapumzike kidogo, walipokuwa hawana hata nafasi ya kula. Nayo Familia Takatifu ya Nazareti ilikuwa na safari yake ya kila mwaka, ya kupanda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Basi matembezi ya familia ni jambo jema, na yafaa yaendelee. Swali letu leo ni jingine: familia inapotoka, nani hubaki nyumbani?

Tuseme wazi. Katika nyumba nyingi za mji huu yumo msichana wa kazi, aliyetoka Iringa, Singida, Dodoma au Tanga. Ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Siku ya matembezi huamka mapema kuliko siku zote, kwa kuwa kuna maandazi ya kukaangwa, chai ya kutiwa chupani na nguo za watoto za kupigwa pasi. Wenzake wakiisha kuondoka, yeye hufunga mlango kwa ndani. Jioni wakirudi wamechoka kwa furaha, hupokea nguo zilizojaa mchanga na chumvi ili azifue. Siku iliyokuwa ya mapumziko kwa wengine, kwake ilikuwa ya kazi maradufu. Je, ni haki?

Amri ya Mungu juu ya siku ya mapumziko, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Kutoka na cha Kumbukumbu la Torati, haikuishia kwa baba mwenye nyumba. Iliwataja mmoja mmoja: mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, wanyama wa kazi, hata mgeni akaaye kati yao. Tena Waisraeli walikumbushwa kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Aliyeonja uchungu wa kazi isiyo na kikomo asimtwike mwenzake kazi ya namna hiyo. Twaona kwamba Mungu hakumwachia mwenye nyumba aamue nani amechoka na nani hakuchoka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala aliyepumzika hamjui aliyechoka.

Mama Kanisa ameyarudia mafundisho hayo. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, aliwafundisha waajiri kwamba mapumziko ya Dominika ni haki ya mfanyakazi kwa ajili ya roho yake, wala si uvivu. Sheria ya nchi yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi saa zisizopungua 24 za mapumziko kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mtumishi wa nyumbani hakutolewa katika haki hiyo.

Twajua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni hili: nyumba italindwa na nani? Wezi wapo, na hofu hiyo si ya kubuni. Lakini tufikiri kidogo. Mwizi ambaye baba mwenye nyumba anamwogopa, msichana wa miaka 17 atamzuiaje akiwa peke yake? Kumwacha yeye awe mlinzi ni kuithamini runinga kuliko binti wa watu. Tunao majirani, na sisi Wakatoliki tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo mitaani mwetu. Leo jirani akutazamie nyumba yako, na Dominika ijayo umtazamie yake. Jumuiya inayosali pamoja kila juma isishindwe na kazi ndogo kama hiyo.

Jibu la pili ni la fedha. Nauli ya mtu mmoja zaidi, na sahani moja zaidi, si kitu kidogo kwa mwenye mshahara mdogo. Twakubali. Lakini mwenye fedha ya kuwapeleka watu watano Mbudya, anayo ya kuwapeleka watu sita Coco Beach. Fedha ikiwa haiwatoshi wote mahali fulani, yafaa kuchagua mahali patakapowatosha wote.

La tatu husemwa kwa sauti kubwa zaidi: yeye hulipwa mshahara. Ndiyo, hulipwa, pengine kwa kuchelewa. Lakini mshahara ni malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Haununui uchovu wa mtu, wala haununui Dominika yake.

Wako pia wanaojisifu kwamba humchukua. Hao nao tuwaulize: humchukua kwa kazi gani? Akiwa pwani amembeba mtoto mgongoni kutwa, akilinda viatu na vikapu, huku wengine wakiogelea, basi amebadilishiwa mahali pa kazi tu. Na tusimsahau mama wa nyumba mwenyewe, ambaye mara nyingi hutoka matembezini amechoka kuliko alivyokwenda, kwa kuwa alipika, akapakua, akaosha vyombo, huku mumewe akizungumza na rafiki zake chini ya mwembe. Baba anayetaka kuitengeneza nyumba yake na aanze kwa kushika sufuria mwenyewe siku hiyo.

Twasikia tena neno hili tamu: huyu ni kama binti yetu. Ni neno jema likiwa la kweli. Lakini binti wa nyumba hulala anapougua, na huulizwa atakula nini. Mara nyingi msichana wa kazi huwa binti wakati wa kuongezewa kazi, kisha huwa mtumishi wakati wa kugawana furaha. Afadhali haki ndogo inayojulikana kuliko upendo mkubwa usioonekana.

Familia nyingi huenda Bagamoyo, nalo ni jambo la kusifiwa. Huko misafara ya watumwa kutoka bara iliishia, na huko Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Watoto wetu huyasikia hayo, wakahuzunika. Hatusemi kwamba msichana wa kazi wa leo ni mtumwa. Lakini mtoto akirudi kutoka Bagamoyo, akamkuta dada aliyemlea tangu utoto hajaketi tangu alfajiri, atajifunza kwamba huruma yafaa kwa watu waliokufa zamani tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi tufanye nini? Kwanza tumwulize yeye mwenyewe. Huenda hapendi kwenda nasi. Huenda angependa kukaa baada ya Misa na wanakwaya wenzake, au kumtembelea ndugu yake Tandika. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 juu ya wafanyakazi wa nyumbani wasema kwamba wakati wa mapumziko yake asilazimishwe kubaki nyumbani mwa mwajiri wala pamoja na watu wa nyumba hiyo. Siku yake ni yake. Akipenda kuja nasi, na aje kama mtu wa matembezi, na kazi za siku hiyo tugawane sote.

Pili, tujifunze kuhesabu. Yusufu na Maria walikwenda mwendo wa kutwa wakidhani kwamba Yesu yumo katika msafara. Walipomkosa walirudi Yerusalemu kumtafuta, hawakuridhika kwamba wengine wote wamo. Baba na mama wa nyumba, mtakapojiandaa kwa matembezi ya likizo ijayo, wahesabuni wote wanaolala chini ya paa lenu, kisha mpange siku ambayo kila mmoja wao atapumzika.