Chumvi ya Mgombea

Wakati wa uchaguzi ukiwadia, wagombea hupita vijijini na chumvi, sabuni, vikwembe na kasiksi. Mtu hupokea, naye huulizwa papo hapo: «Utanichagua?» Hujibu: «Ndiyo.» Kisha moyo wa mkatekumeni hufadhaika. Amekula chumvi ya mtu, tena amempa neno lake. Je, asipomchagua si mwongo? Na akimchagua, hali ajua kwamba hafai, ametenda vema?

Wazee husema ahadi ni deni, nao wasema kweli. Lakini deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa, halilipwi kwa mali ya jirani. Basi, kura ni mali ya nani? Karatasi hushikwa na mtu mmoja, lakini mbunge aliyechaguliwa huketi Kinshasa miaka 5 kwa ajili ya wote: wajane, wagonjwa, hata watoto wasiozaliwa bado. Kwa hiyo kura ni amana. Mtu aliyewekewa mbuzi na jirani yake hana ruhusa ya kumwuza, hata akiwa amekwisha kumwahidi mnunuzi.

Injili yafundisha neno hilo waziwazi. Herode aliapa mbele ya wageni wake, na kwa kuona haya kuvunja kiapo akamkata kichwa Yohane Mbatizaji. Je, alisifiwa kwa uaminifu wake? Hasha! Alikosa alipoapa bila kufikiri. Alikosa zaidi alipotimiza. Vivyo hivyo aliyeahidi kura kwa kilo ya chumvi amekosa alipoahidi. Atubu kosa hilo, asiongeze la pili.

Huenda mtu atasema: «Mwenye njaa atakataaje?» Mungu aijua njaa ya maskini, na dhambi ya tajiri anayemnunua ni nzito kuliko ya maskini anayenunuliwa. Hata hivyo chumvi huisha kwa mwezi, na utawala mbaya hudumu miaka.

Thamani ya kura hufahamika vema kwa yule aliyeikosa. Tarehe 20 Desemba 2023 Wakongomani walichagua Rais na wabunge, lakini Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Mtu wa Walikale aliyeuza kura yake siku ile aliuza kitu ambacho jirani yake wa Masisi alinyimwa kwa bunduki. Tena udanganyifu haukufichika: mwezi wa Januari 2024 Tume ya Uchaguzi ilifuta kura za wagombea 82.

Iko chumvi nyingine, nayo haipimwi kwa kilo: ni kabila. Mgombea husema: «Nichagueni, mimi ni damu yenu, wale si watu wa hapa.» Neno hilo limekwisha kuua. Miaka ile ya 1990, nchi ilipokuwa ikingoja uchaguzi, watu walibishana nani ni mwananchi na nani ni mgeni. Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, katika Walikale; kisha moto ukaenea hadi Masisi, na maelfu wakafa. Mkristu humpima mgombea kwa matendo yake, hampimi kwa lugha ya mama yake.

Je, yawezekana kukataa? Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekagua bidhaa za mpakani, alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisiwafikie watu. Aliuawa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Basi mkatekumeni asidanganye, wala asijiuze. Mgombea akimwuliza, amjibu kwa adabu: «Bwana, kura ni ya siri, na Katiba ya nchi yasema hivyo.» Akiingia chumbani peke yake na karatasi, hakuna mgombea amwonaye. Mungu amwona. Yeye atakayemkataa Shetani na fahari zake siku ya ubatizo, na aanze kumkataa humo.