Mkono Unaoachia

Soma Matendo 4:34–37 na 6:1–6. Waumini walipoweka fedha miguuni pa mitume, ni nani aliyeamua matumizi yake? Wajane waliposahauliwa, ni nani waliowachagua wale saba?

Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis nchini Marekani, alifariki mwaka 1851. Katika wosia wake alitenga theluthi moja ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini waliopita katika mji huo wakielekea magharibi kutafuta makao. Lilikuwa kusudi jema, maana siku hizo wengi walikwama pale wakiwa wameishiwa. Lakini reli zilijengwa, nyakati zikabadilika, na wasafiri wa namna ile wakawa haba. Fedha zilikuwapo, na maskini wa namna nyingine walikuwapo mjini, ila maneno ya wosia yalisimama kati yao.

Frederick Goff, mwanasheria aliyeongoza benki mjini Cleveland, aliona hatari ya mali kuendelea kutawaliwa na mkono wa marehemu. Mwaka 1914 alianzisha Cleveland Foundation, unaohesabiwa kuwa wakfu wa jamii wa kwanza. Watu wengi waliweza kuweka mali zao pamoja, na kamati ikapewa mamlaka ya kubadili matumizi pale kusudi la kwanza lilipopitwa na wakati. Tangu hapo mifuko ya namna hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Hata hivyo Goff alitatua nusu tu ya tatizo. Wajumbe wa kamati yake waliteuliwa na benki na wenye vyeo, kama meya na majaji. Utaratibu huo haukutenga kiti kwa ajili ya maskini wenyewe. Mkono wa marehemu uliondolewa, lakini sauti ya mjane haikuingia. Mifuko mingine iliyofuata imejaribu kwenda mbele zaidi. Nchini Kenya, Kenya Community Development Foundation, ulioanzishwa mwaka 1997, hushirikiana na vikundi vya wenyeji ambavyo navyo huchanga sehemu yao. Hivyo anayesaidiwa huwa pia mtoaji, naye huwa na neno katika uamuzi.

Wakati huohuo, kuna mwendo unaokwenda kinyume. Nchini Marekani mtu anaweza kuweka fedha katika akaunti ya hisani, akapata nafuu ya kodi mwaka uleule, kisha akapendekeza polepole ziende wapi. Sheria ya taifa haimwekei tarehe ya kuzigawa. Kisheria fedha si zake tena. Kwa vitendo zinangoja neno lake. Zamani mali ilimngoja marehemu. Sasa inaweza kumngoja aliye hai.

Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10 na Ruthu 2:2, 3. Mwenye shamba aliagizwa asivune hadi pembeni, wala asirudi kuokota masazo. Hakuagizwa kuwachagua waokotaji. Mgeni na maskini waliingia kwa sababu Mungu aliwapa nafasi, si kwa sababu mwenye shamba aliwapenda. Ruthu alikuwa Mmoabi, na bado hakujua shamba lile ni la nani alipoanza kuokota. Kipimo cha utii wa mwenye shamba kilikuwa kile alichoacha kukitawala.

Ndivyo ilivyokuwa Yerusalemu. Barnaba aliuza shamba, akaweka fedha miguuni pa mitume, na hakuna habari kwamba alirudi kuuliza ni mjane yupi aliyekula. Hata mitume, manung'uniko yalipotokea, hawakuishikilia meza. Waliwaita wanafunzi wote wachague. Majina yote saba yaliyochaguliwa ni ya Kiyunani, na waliosahauliwa walikuwa wajane wa Kiyunani. Inaelekea kanisa liliwakabidhi ghala wale waliolijua lalamiko kwa karibu.

Je, basi mtoaji asiulize lolote? Soma 2 Wakorintho 8:18–21. Paulo alikubali kwamba ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri pamoja na mchango, ili pasiwe na lawama. Uwazi ni haki ya kila mtu, mtoaji na mpokeaji. Lakini kuuliza fedha zilitumikaje ni jambo moja. Kutaka aliyesaidiwa aendelee kuishi chini ya mkono wa aliyemsaidia ni jambo jingine. La kwanza hulinda zawadi. La pili huigeuza kuwa deni.

Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa mali yake, na hata fedha zilikuwa katika uwezo wake (Matendo 5:4). Hakulazimishwa kutoa. Kosa lake lilikuwa kuonekana ameachia huku mkono ukiwa umefumba. Si kila anayekawia kugawa ni Anania, lakini kila mtoaji ana sababu ya kuutazama mkono wake.

Jambo hili haliwahusu matajiri tu. Kikundi cha Dorkasi kinaweza kupeleka nguo kwa mzee ambaye shida yake ni nauli ya kwenda kliniki. Nguo zitapokelewa kwa shukrani, picha itapigwa, na kliniki haitafikiwa. Swali moja lililoulizwa mapema lingetosha: mzee, unahitaji nini?

Maswali ya Kujadili

1. Ni nani wanaoamua matumizi ya fedha za msaada katika kanisa lenu? Je, miongoni mwao yupo aliyewahi kusaidiwa?

2. Mtoaji anaweka sharti kwamba mchango wake utumike kwa jambo moja tu, lakini kanisa linaona hitaji kubwa zaidi. Kanisa lifanye nini ili liwe aminifu kwake na kwa mhitaji pia?

3. Soma Mathayo 6:3. Je, mtu anaweza kuficha jina lake na bado akatawala zawadi yake? Eleza.