PUMZI YA MUNGU NA MOSHI WA NYUMBA ZETU

Masomo: Mwanzo 2:7, Mithali 22:6



Mwanzo 2:7 inatufundisha kwamba mtu alikuwa udongo tu, mpaka Mungu alipompulizia pumzi puani. Basi hewa ni zawadi ya kwanza ya Mungu. Anayeichafua anachafua zawadi ya Mungu.

Sisi watu wa Lubumbashi tunaujua moshi. Tanuru za shaba ziliwashwa hapa mwaka wa 1911, na kwa miaka mingi moshi wa kiberiti ulipita juu ya mji. Kule Penga-Penga miti ilikauka, udongo ukabaki uchi. Bomba lile refu halikuwa mkononi mwetu. Lakini mbabula iko mkononi mwetu.

Mwezi wa sita na wa saba baridi inakamata. Wengine wanaingiza mbabula ya makala chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makala yakiwaka pasipo hewa ya kutosha yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya hewa nzuri. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, analegea. Aliyelala anaweza asiamke tena.

Asubuhi kilio kinapoanza, wengine wanauliza: «Nani amewaloga?» Mara nyingine kidole kinamwelekea mtoto. Ndugu wapendwa, amri ya Mungu inakataza kumshuhudia mwenzako uwongo, sembuse mtoto! Roho wa Mungu anafunua lililofichwa, na lililofichwa hapa ni gesi ya makala. Tuombe, ndiyo, lakini mbabula iwe nje na dirisha liwe wazi.

Shirika la Afya Duniani (O.M.S.) linahesabu kwamba mwaka wa 2020 moshi wa majikoni uliua watu milioni 3,2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237.000 wasiofika miaka 5.

Kwa hiyo, kila siku ya Mungu, watoto wafundishwe haya:

1. Mbabula inawashwa nje. Haiingii chumba cha kulala, hata kama moto umebaki kidogo.
2. Masashe, plastiki na mipira ya gari havichomwi, wala haviwashi makala.
3. Wakati wa kiangazi tusichome pori. Moshi wake unarudi kwetu.
4. Makala yanatoka mitini. Kila jamaa ipande mti na mtoto aumwangilie maji.
5. Ukikuta mtu amelegea penye mbabula, fungua mlango, ita wakubwa. Atolewe nje upesi, apelekwe hospitali.

Mithali 22:6 inatuagiza kumlea mtoto katika njia iliyo njema, naye hataiacha akizeeka. Lakini mtoto anafuata anachokiona. Mzazi akitoa mbabula nje usiku huu, amekwisha kuhubiri.

Kila chenye pumzi kimepewa pumzi hiyo ili kimsifu Bwana. Tuilinde.

Amina.

Shemasi wenu