Jina Lako, Frateri, Liko Ukurasa wa Ngapi?



Vijana wenzangu, leo nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na Maandiko nitajificha nyuma yake.

Mwaka wangu wa uchungaji nilikaa kwenye kigango kimoja cha ziwani, wilaya ya Bunda. Nilikuwa nimetoka kumaliza falsafa, kichwa kimejaa Aristotle, na mkononi nina daftari la zaka. Dominika moja, wakati wa matangazo, nikasimama nikasoma majina. Kwanza waliotoa na kiasi walichotoa, halafu wale ambao hawajatoa. Wa pili niliwasoma polepole, yaani makusudi kabisa, ili iwaingie. Watu wakainamisha vichwa. Mama mmoja aliyempakata mtoto akavuta khanga yake ya njano akajifunika nusu ya uso. Mimi nikaketi nikijiona nimefanya kazi ya Bwana.

Baada ya Ibada katekista, mzee ambaye amehudumu pale tangu sijazaliwa, akanisubiri chini ya mwembe.

"Frateri, jana usiku ulitoka nje?"

"Nilitoka, Mzee."

"Mwezi ulikuwaje?"

"Mkubwa, unang'aa kweli."

"Sasa mwezi uking'aa hivyo, nani anapata dagaa?"

Wenzangu mliokulia Musoma mjini au kando ya ziwa mnalijua hili. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, ndipo nyavu zinapowazoa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu tena, na mitumbwi inapumzika ufukweni siku kadhaa. Hapo mvuvi hana kitu. Mama anayeanika dagaa mchangani naye hana. Kijana wa kubeba ndoo, dereva wa bodaboda anayepeleka magunia hadi barabara kuu ya Musoma na Mwanza, muuza chai na maandazi wa mwaloni, wote mfuko mtupu. Na mimi nilikuwa nimechagua wiki hiyo hiyo kuwaaibisha.

Ningeweza kujitetea kwamba mimi ni mtoto wa bara, sikujua. Lakini mzee alikuwa na swali la pili, na hilo ndilo lililoniuma.

"Na jina lako, Frateri, liko ukurasa wa ngapi?"

Halikuwepo. Sikuwa nimetoa hata mia. Nilijiambia kwamba mimi natoa maisha yangu mazima, sasa mtu aliyetoa maisha atadaiwa tena elfu mbili? Hoja nzuri sana hiyo. Ila nimegundua kwamba anayedai kutoa kila kitu anaweza kupitisha mwezi mzima bila kutoa chochote.

Jioni ile nilifungua Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9. Paulo alikuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Anawaambia kila mtu atoe alichokusudia moyoni, bila huzuni na bila kushurutishwa, kwa sababu Mungu humpenda atoaye kwa furaha. Neno la Kigiriki pale ni hilaros, uchangamfu unaoonekana usoni. Halafu anawasifu Wamakedonia, watu waliokuwa hohehahe, ambao waliomba wenyewe, tena kwa kusihi, wapewe nafasi ya kuchangia.

Kusema kweli, Paulo naye aliwabana kidogo. Anawakumbusha Wakorintho kwamba amekwisha kujisifu kwa ajili yao, na kwamba itakuwa aibu Wamakedonia wakifika wakakuta hawako tayari. Nikafurahi kwanza: kumbe hata Mtume! Lakini yeye aliandika mapema ili wajiandae, hakusimama mbele yao na daftari. Na katika Waraka wa Kwanza, sura ya 16, aliwaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya alivyofanikiwa. Kwa kadiri ya alivyofanikiwa! Huyo angeuliza habari za mwezi kabla ya kufungua orodha.

Sisemi zaka ni hiari ya mwenye kujisikia. Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba waamini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na bati la kigango halijiezeki lenyewe. Tena sisi vijana tuna kisingizio cha "sina kitu" ambacho kinakufa kadi ya harusi ikifika. Hapo elfu hamsini inapatikana, hata kwa kukopa.

Ila kuna kutoa ambako mkono unakwenda na moyo unabaki. Mfano wake mkubwa uko hapa hapa kwetu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga sharti la kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Walimwambia Mwalimu Nyerere kwamba miili yao itakwenda, lakini roho zao zitabaki nje. Alikasirika, akawafukuza karibu 400. Hapo mnaweza kumtetea au kumlaumu, mimi naona adhabu ilikuwa kali. Lakini wanafunzi walikuwa wamegusa pia mishahara minono ya viongozi, na hapo Mwalimu hakujitetea. Alikubali kwamba wamesema kweli, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mwaka jana tulikwenda na vijana wa VIWAWA kusali kwenye kaburi lake kule Mwitongo, Butiama. Wenzangu walisali kwa ajili ya mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, ulioanzia jimboni Musoma. Mimi nilikuwa nawaza ile asilimia 20. Yeye alipodaiwa, jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza.

Basi Dominika iliyofuata pale kigangoni nikasimama tena wakati wa matangazo, nikaomba msamaha. Kisha nikaweka kwenye kapu elfu tano katika posho yangu ndogo. Msidhani nilitabasamu. Niliziona zikizama, nikawaza vocha na sabuni. Aristotle anasema mkarimu hutoa kwa furaha, au walau bila maumivu, na kwamba ukarimu haupimwi kwa wingi wa kilichotolewa bali kwa hali ya mtoaji. Kwa kipimo hicho sikuwa mkarimu, maana iliniuma. Lakini ni huyo huyo anayesema tabia njema hujengwa kwa kutenda, kama fundi anavyojifunza kujenga kwa kujenga. Kwa hiyo wiki ya pili nilitoa tena, ikauma kidogo zaidi ya nilivyotarajia. Ya tatu sikumbuki.

Giza la mwezi liliporudi, ziwa likafunguka. Dominika ile maandamano ya matoleo yalikuwa marefu: visado vya dagaa, mihogo, mtama, mafungu ya viazi, na mtoto mmoja wa kiume mwenye kuku aliyefungwa miguu kwa kamba mbovu. Katikati ya kanisa kamba ikakatika. Kuku akaruka juu ya mabenchi ya kwaya, sauti ya tatu ikatawanyika, mzee katekista akamkimbiza hadi nyuma ya altare. Watu walicheka hadi machozi, na aliyecheka kuliko wote ni mwenye kuku, mama yake yule mtoto, amesimama huku akipiga makofi.

Nilimtambua kwa ile khanga ya njano.