Mkono Usiofika Sahanini

Wageni wanaokuja Mombasa kujitolea, wengi wao vijana wa Ulaya na Marekani wanaofundisha shuleni au kusaidia katika zahanati kwa wiki chache, huondoka na habari moja: walikuja kutoa, wakapewa wao. Wamekalishwa barazani Kibokoni, katika Mji wa Kale, na wazee wasiowajua, wametiliwa kahawa chungu, wameletewa mahamri na mbaazi katika nyumba zisizo na akiba ya wiki ijayo. Wanaguswa, na kuguswa kwao ni kwa kweli. Chozi la mtu aliyelishwa si la kuchezewa. Ninalolipinga ni maelezo yanayofuata chozi hilo, kwamba hawa ni maskini wenye moyo wa ajabu, wanaotoa ingawa hawana. Maelezo hayo humfanya mwenyeji kuwa kioja, na humwachia mgeni nafasi ileile ya kutazama. Ukarimu wa Mji wa Kale ni sheria kabla ya kuwa hisia. Una haki zake na mipaka yake, na humfunga aliyepokea kuliko anavyojua.

Sheria hiyo ina umri. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alilala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa, na katika machache aliyoyasimulia kuhusu kisiwa hiki hakusahau visima: penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, chombo cha mti cha kutekea, na mkeka wa kufutia miguu. Aliyetaka kuingia alijitekea, akanawa, akaingia. Hapakuwa na mtu wa kushukuriwa pale mlangoni. Kabla ya hapo, huko Mogadishu, alikuwa ameuona upande wa pili wa jambo hili. Merikebu ilipotia nanga, vijana wa mji waliifuata kwa mashua na sahani zilizofunikwa. Kila mmoja alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakuuza wala kununua bila mwenyeji wake kuwapo, na biashara iliyofanywa kwa kumzunguka mwenyeji haikuhesabiwa. Sahani ile ilikuwa mkataba. Aliyeila alipata pa kulala, dhamana, na mtu wa kumsemea, akapoteza uhuru wa kufanya atakalo katika mji wa watu. Miji ya pwani ilihitaji mpango wa namna hii, kwa kuwa jahazi lililoletwa na kaskazi halikuweza kurudi Uarabuni mpaka kusi ianze kuvuma, na baharia aliyekaa miezi mjini ilibidi awe mgeni wa mtu fulani.

Dini imeishusha sheria hii ndani zaidi. Mafundisho ya Mtume yanampa mgeni siku tatu. Zinazozidi ni sadaka, na si halali kwake kukaa hadi amtie mwenyeji dhiki. Lakini kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha Nabii Ibrahimu katika Sura ya Hud. Wageni wanamjia, anawaletea ndama wa kuchoma, na anapoona mikono yao haikifikii chakula anaingiwa na hofu. Wageni wale walikuwa malaika, na malaika hawali. Yeye hakulijua hilo. Naiona mantiki katika hofu yake: anayekataa chakula chako amekataa kufungwa nawe, na asiyefungwa nawe anaweza kukutendea lolote. Mombasa ina sababu zake za kuielewa hofu hiyo. Wareno waliofika Aprili 1498 hawakuja kukaa chini ya mwenyeji yeyote, na mwaka 1505 watu wa Francisco de Almeida waliupora mji na kuuteketeza. Kijana wa kujitolea si Almeida, na kumfananisha naye ni dhuluma. Ila yeye naye amebeba jina la mtoaji kabla hajavuka Makupa kuingia kisiwani, na mtoaji asiyejua kupokea anamtia mwenyeji wake katika mashaka yaleyale ya Ibrahimu.

Mwenye huruma atauliza: kula chakula cha mwenye dhiki si kumnyang'anya? Ni kweli, tena kuliko anavyodhani muulizaji, maana gharama ya ukarimu haigawanywi sawasawa. Baba husema karibu barazani. Mama na binti ndio wanaoamka alfajiri kukanda unga, na aibu ya kuonekana wachoyo huwabana ambao hawakuulizwa. Sitaki kulipamba hilo. Hata hivyo dawa yake si kuikataa sahani, wala kuacha noti chini ya kikombe, jambo linalomgeuza mwenye nyumba kuwa mwenye mkahawa. Adabu ina njia zake: mgeni asije mikono mitupu, ale kwa kiasi, asiizoee nyumba moja kila jioni, na aage mapema. Mipaka ya siku tatu iliwekwa kwa ajili ya wale walio jikoni.

Pingamizi jingine ni kali zaidi, kwamba haya yote ni hesabu: zamani ya biashara ya bahari, leo ya utalii, na mzungu hukaribishwa kwa kuwa ana mfuko. Wapo wanaokaribisha hivyo, bila shaka. Lakini vita vya Somalia vilipowafukuza watu wa Barawa na Wabajuni mwaka 1991, mashua ziliwafikisha Mombasa wakiwa hawana cha kuuza. Wengi waliwekwa kambini, Utange na kwingineko. Wengine walipokelewa na jamaa na watu wa lugha moja nao, na hawakuhesabiwa siku tatu. Desturi iliyozaliwa bandarini ilikuwa imekwisha kuipita bandari.

Aprili 1968 padri Ivan Illich aliwaambia vijana wa Kimarekani wa kujitolea waje Mexico kutazama, kupanda milima, kusoma, ila wasije kusaidia. Nakubaliana naye kuhusu kiburi alichokiona. Sikubali kwamba mtazamaji amepona, kwani naye atakaribishwa, naye atakula, na deni litamwangukia. Methali inalijua deni hilo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza ujamaa, na tangu hapo tunaisikia zaidi kama karipio kwa mvivu. Mimi nasikia pia kwamba jembe hutolewa na mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeonyesha shamba. Mgeni haji na jembe lake na ramani ya shamba la mwenzake.

Mji wa Kale hauna mashamba. Jembe lake huenda ni mtungi wa lita 20, maana mabomba ya kisiwa hukauka mara kwa mara na maji hununuliwa kwa wenye mikokoteni. Kahawa aliyokunywa mgeni ilichemshwa kwa maji hayo, na mikono yake ikanawishwa kwa hayohayo. Siku ya tatu akiambiwa na mama mwenye nyumba aupandishe mtungi ghorofani, aupandishe, kisha amuulize wa pili uko wapi.